Shikamoo za Mtaa wa Kongo

Asubuhi ya Jumatatu Abdulrazak alikuwa akifunga marobota ya mashuka kwenye mkokoteni wake, mbele ya duka la Gaudens, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Alifungia vipande virefu vya mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari, akavuta mpaka mpira ukalia, kisha akaligonga robota la juu kwa kiganja kusikiliza kama limetulia. Gaudens, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi kama unavyowaita Wachaga wote wenye maduka, alikuwa amepanda juu ya stuli akitundika spika mpya juu ya mlango. Alichomeka flashi, akabonyeza kitufe, na sauti ya msichana ikajaa mtaani.

"Shuka, shuka, shuka! Sita kwa sita, sita kwa nane! Kuangalia bure, kushika bure, ingia ndani ujichagulie!"

Abdulrazak aliacha kufunga. Hiyo ilikuwa sauti ya Sitara, binti yake, na Sitara mwenyewe saa ile alikuwa darasani. Alijua kwamba imerekodiwa. Alijua hata nguo aliyovaa siku ya kurekodi. Hata hivyo kifua kilimjaa, akawa anatabasamu peke yake mbele ya marobota.

Akapita bibi mmoja aliyejitanda kanga, anatafuta duka la mitandio. Spika ilikuwa imefika "sita kwa", ikakatika. Kisha ikasema kwa sauti ya chini kidogo, sauti ya mtu aliyeinamisha kichwa: "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu," bibi aliitika bila kutazama juu, akaendelea na safari yake.

"Nane!" spika ikamalizia. "Ingia ndani ujichagulie!"

Gaudens aliiangalia spika, akamwangalia Abdulrazak, akashuka kwenye stuli. Alikuwa na mzigo wa kwenda Mbeya ambao haujafungwa, na salamu haikuwa imemharibia kitu.

Sitara alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea usanifu wa majengo. Mwaka wa kwanza walichora kwa mkono, na baba yake alimbebea ubao wa kuchorea juu ya mkokoteni, kutoka kwa seremala mpaka nyumbani kwao Gerezani, akiwatangazia watu njia nzima: "Pisheni, ubao wa msanifu huo!" Mwaka wa pili walimu walisema mikono imetosha. Sasa michoro yote ni ya kompyuta, na mwisho wa muhula kila mwanafunzi atasimama mbele ya jopo na laptop yake, aifungue, aonyeshe jengo lake ghorofa kwa ghorofa. Asiye na laptop atarudia mwaka. Chumba cha kompyuta chuoni kilikuwepo, na kompyuta zilikuwemo, ila programu ya kuchorea ikifunguliwa zilikuwa zinazima zenyewe. Sitara alikuwa akiazima laptop ya Jacqueline, mwenzake wa darasani, kila Jacqueline alipokwenda mazoezi ya kwaya. Kwaya ikaimba Pasaka, mazoezi yakaisha, na laptop ikarudi kwa mwenyewe.

Laptop ya kuchorea majengo si ile ya kuandikia barua. Abdulrazak alipotajiwa bei yake alimwomba muuzaji airudie, akidhani ametajiwa ya pikipiki. Familia ilijibana. Mama Sitara akaongeza sufuria ya pili ya unga wa vitumbua. Abdulrazak akaacha sigara, jambo ambalo mkewe alikuwa akimwomba tangu waoane na ambalo mpaka hapo lilikuwa halijapata sababu ya kutosha. Hela iliyopatikana ilitosha kianzio tu. Muuza laptop wa Mtaa wa Aggrey aliipokea, akaiweka mashine chini ya kaunta na karatasi yenye jina la Sitara juu yake, akasema ataishikilia mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anamuuzia mwingine, na wasilaumiane.

Sauti ndiyo iliyoleta matumaini. Siku moja Sitara alimletea baba yake chakula, akamwona upande wa pili wa mtaa, akaita mara moja tu: "Baba, chakula!" Kila mlango ulikuwa na spika inayolia, na bado watu wa mpaka kona ya pili waligeuka kutazama chakula. Lucky, ambaye kazi yake ni kuwarekodia wenye maduka matangazo, aliteremka ngazi kwa kasi kutoka kwenye chumba chake, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili mwangwi usiingie kwenye kinasa sauti.

"Dada, mambo? Hiyo sauti unaifanyia nini?"

"Poa. Naongelea," alisema Sitara.

"Tunaenda kuirekodi sasa hivi. Mzee, shikamoo. Naomba binti yako kidogo."

Abdulrazak alimruhusu, ila alipanda naye ngazi, akala chakula chake amesimama mlangoni. Makubaliano yalikuwa mepesi. Wenye maduka watakaotumia sauti ya Sitara watalipa mwisho wa mwezi, kila mmoja fungu lake, na Gaudens atakusanya. Wakipatikana wa kutosha, laptop inatoka chini ya kaunta.

Walipatikana. Haukupita muda habari za spika ya Mangi zikafika Magomeni. Wazee ambao kwa miaka hawakuwa na sababu ya kuja Kariakoo walipata sababu. Walitembea taratibu chini ya mlango wa Gaudens, wakaamkiwa, wakaitika, na wengine wakazunguka jengo ili wapite tena. Majumbani kwao wajukuu walikuwa wanawapita na simu mkononi. Mzee aliyeamkiwa vizuri huwa na roho nyepesi, na mwenye roho nyepesi hununua shuka. Adhana ikianza, spika ilinyamaza bila kuzimwa, ikamsubiri mwadhini amalize. Mtoza ushuru alikuja na kitabu chake cha stakabadhi, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema matangazo yana ushuru lakini salamu hakuziona kwenye viwango vyake. Naye akaamkiwa, akaondoka amenyooka kuliko alivyokuja.

Duka la viatu likataka sauti ileile, la vyombo likataka, la mapazia likataka, mpaka mtaa ukawa unaita wateja kwa mdomo wa binti mmoja. Lucky aliulizwa mara moja tu kama flashi zake zina tatizo.

"Hazina tatizo," alisema. "Kalelewa hivyo."

Jibu hilo lilimtosha kila mtu, na lilipomfikia Mama Sitara kwenye kikaango chake cha vitumbua aliwaongezea wateja wote kitumbua kimoja kimoja bila kueleza kwa nini.

Aliyelalamika alikuwa Benedikta peke yake, mwenye duka la rasta na dawa za nywele jirani na Gaudens. Alipita asubuhi moja na mkoba wake wa ngozi, spika ikamwambia, "Shikamoo mama." Benedikta hakuwa amejiandaa kuamkiwa kabla ya miaka mingine kumi. Aliingia dukani kwake, akajifungia, akapaka rangi nyeusi ya piko nywele zote zinazozunguka paji la uso, na kesho yake akapita tena kwa madaha.

"Mambo dada?" ilisema spika.

"Poa," alisema Benedikta, na shauri likaisha.

Waliosahauliwa kwenye hesabu za watu walikuwa makuli. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba makuli wa Kariakoo wana umri. Mtu anataka mzigo wake ufike kwenye lori Gerezani, anaita "Kuli!", kinatokea kichwa chenye kata ya nguo ya kubebea na shingo iliyokakamaa, mzigo unaondoka. Spika ilikuwa na habari. "Shikamoo baba, pole na mzigo," ilimwambia Kasmir, aliyetoka Rombo akiwa kijana na sasa ana wajukuu sekondari. Iliwaambia hivyo wenzake wote, na wakipita kwa msafara iliwaambia "Shikamooni." Kutwa ilikuwa hivyo. Mtaa ukaja kufahamu, kwa kusikia tu, kwamba mizigo yake inabebwa na mababu.

Sasa shikamoo haiitikiwi huku unakimbia. Mkokoteni wenye mzigo nao una desturi yake: unaanzishwa kwa nguvu za watu wawili, na ukishashika mwendo hausimamishwi njiani, maana kuuanzisha tena ni kumtafuta yule wa pili. Makuli walisimamisha. Walitua mikokoteni, wakajifuta jasho, wakasema, "Marahaba, hamjambo nyumbani?" Spika ikasema, "Hatujambo," wao wakasema, "Haya, tunashukuru," ndipo wakaomba msaada wa kusukuma. Nyuma yao bajaji, maguta ya mizigo na watu wenye haraka zao walijipanga kuelekea Mnazi Mmoja.

Hilo la foleni Gaudens angelivumilia. Lililomuuma ni la bei. Ujira wa kuli hupatanwa mlangoni mwa duka, na siku zote hupatanwa kwa kumfanya mdogo: "Chukua hiyo hiyo kijana, kwani mbali?" Gaudens alikuwa fundi wa maneno hayo. Lakini sasa kila alipofungua mdomo kumwambia Kasmir achukue hiyo hiyo, spika juu ya kichwa chake ilisema "Shikamoo baba," na Gaudens akajikuta anaongeza noti badala ya kupunguza. Alijichukia mpaka mchana. Mama mmoja aliyetoka Tabora kufuata mzigo alimtazama mzee aliyemtwisha robota, akaliomba robota lake, akaliweka kichwani mwenyewe. Mambo kama hayo hayana faida kwa mtaa wa biashara.

Abdulrazak aliamkiwa kama wenzake, kila safari, na aliitika kama wenzake. Aliwaambia wote kwamba ni binti yake, na waliokuwa wanajua aliwaambia tena. Kwenye bomba la maji makuli walimpisha achote kwanza. Ila kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni ambalo hakulisema hata kwa mkewe. Hakujua kama ile shikamoo ni yake, au ni ya mvi zake. Kasmir naye aliitwa baba.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho wenye maduka walikutana kwa Gaudens, wakakaa juu ya marobota. Walimwita Lucky, wakamwita Sitara, na kwa kuwa binti haitwi peke yake mbele ya wanaume watu wazima, wakamwita na Abdulrazak. Sitara aliingia akawaamkia mmoja mmoja. Waliitika, na baada ya kuitika ikawawia vigumu kuanza.

"Binti, kazi yako nzuri, hakuna anayebisha," alisema Gaudens. "Mashuka yanatoka. Lakini hawa makuli usiwaamkie. Wateja waamkie hata mara mbili. Rekodi upya bila makuli, sisi tunakupa hela yako yote, Ijumaa unachukua laptop yako."

"Mangi, mimi sikurekodi shikamoo hata moja," alisema Sitara. "Muulize Lucky. Nilisema shuka tu."

"Kweli," alisema Lucky. "Shuka tu."

"Basi rekodi hilo hilo la shuka, ila kwa kukaza roho."

Wakapanda kwenye chumba cha trei za mayai. Sitara alikaza roho, akakaza na taya, akasema shuka zake kama mtu anayesoma hukumu. Gaudens akaichukua flashi ikiwa bado ya moto, akaichomeka. Kasmir alikuwa anapita na viroba vya unga.

"Shikamoo baba, pole na mzigo," ilisema spika.

Gaudens aliichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Ikasema, "Shikamooni," kwa sababu nyuma ya Kasmir walikuwa wamesimama wengine.

"Inaangalia nywele," alisema Benedikta kutoka mlangoni. "Mimi naijua. Mpe mtu piko, utasikia inamwambia mambo." Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Wenye maduka walishauriana kwa muda mfupi, maana hili lilikuwa linanunulika. Watachanga, Benedikta atatoa piko ya kutosha vichwa na ndevu za makuli wote wa mtaa. Ijumaa Gaudens atasimama mlangoni mpaka adhana ya adhuhuri. Mtaa ukitembea bila kusimama, Sitara analipwa. Mtaa ukisimama, spika zinashushwa siku hiyo hiyo, na sauti iliyoshushwa hailipwi.

Makuli walipelekewa habari kwenye bomba la maji. Wengi wao walikuwa wamebeba mizigo ya mtaa ule tangu maduka yake yakiwa vibanda, na mwezi huu ndipo walipoamkiwa kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameanza kuvaa mashati yenye vifungo. Kuiacha shikamoo kuliwauma, na hawakuficha kwamba kunawauma.

"Razaki, mtoto ni wako," alisema Kasmir hatimaye. "Sema wewe."

"Tupake," alisema Abdulrazak.

Nyumbani Sitara aligoma kula. "Baba, usipake. Nitarudia mwaka. Mwaka mmoja si kitu."

"Kwako si kitu. Mimi mwaka wa kuusukuma tena sina. Lete kioo."

"Wanakudhulumu, na mimi ndiyo nawasaidia."

"Wananidhulumu tangu hujazaliwa, mwanangu. Safari hii tu ndiyo kuna laptop ndani yake. Lete kioo."

Sitara alileta kioo, akakishika mwenyewe, machozi yakimtoka bila kuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi. Mama Sitara alikoroga piko kwenye kikombe kisicho na mkono, akampaka mumewe uani kwa mswaki wa zamani, kuanzia kidevuni kwenda juu, mpaka nywele za masikioni. Alipomaliza alirudi nyuma akamtazama.

"Umekuwa kama siku ile ulipokuja kwetu na mjomba wako kuposa," alisema.

"Siku ile hata ndevu sikuwa nazo."

"Ndiyo maana nilikubali," alisema mkewe, na wote watatu wakacheka, hata Sitara.

Ijumaa makuli wa Mtaa wa Kongo walifika kazini wakiwa na vichwa vyeusi tii. Migongo ilikuwa ileile na magoti yaleyale, lakini spika haikuangalia magoti. Gaudens alisimama mlangoni na simu mkononi. Lucky alisimama pembeni yake. Sitara alikuwa Mtaa wa Aggrey, amekaa mbele ya kaunta ambayo laptop yake ilikuwa chini yake, akisubiri hela iingie.

Kasmir alitangulia.

"Mambo kaka?" ilisema spika.

"Poa," alisema Kasmir, na mkokoteni wake ukapita bila hata kupunguza mwendo. Aliyemfuata akasema poa, na mwingine poa. Bajaji zikapita, maguta yakapita. Gaudens alimwita mmoja, akampa mzigo na noti zake. "Chukua hiyo hiyo kijana, kwani mbali?" alisema, na juu ya kichwa chake spika iliendelea na mashuka. Kuli aliangalia zile noti, akazikunja, akatia mfukoni. Maduka mengine yakaanza kumtumia Gaudens mafungu yao kwa simu, moja baada ya jingine, na kila simu ilipolia Lucky alivuta pumzi.

Abdulrazak alibaki mwisho. Alikuwa na mzigo mkubwa wa mapazia wa kupeleka Gerezani, na njia nzima ya kutoka stoo alikuwa analizoeza neno moja mdomoni. Hajawahi kumwambia mtoto wake "poa" tangu azaliwe. Alijiambia kwamba ni neno dogo, litatoka mara moja na laptop itatoka nyuma yake, na kwamba baba anayesukuma mikokoteni maisha yake yote hawezi kushindwa kusukuma neno. Lakini moyo ulimuuma, na hakuudanganya. Akauinamia mkokoteni, mwenzake akamsaidia kuuanzisha, akaingia Mtaa wa Kongo kwa mbio zake fupi.

"Shuka, shuka, shuka! Sita kwa sita, sita kwa—"

Spika ikanyamaza. Ya viatu ikanyamaza, ya vyombo, ya mapazia, mtaa mzima.

"Shikamoo baba," ilisema spika.

Gaudens aliangalia kichwa cha Abdulrazak. Piko ilikuwa imekolea, hata mzizi wa unywele haukuonekana mweupe. Abdulrazak hakuwa na haja ya kioo. Alijua nywele zake ni nyeusi, na alijua ameamkiwa, na kwa hiyo sasa alijua ile shikamoo ni ya nani. Mkokoteni ulikuwa kwenye mwendo. Akipita, laptop ni ya Sitara. Akisimama, mtaa unasimama mbele ya macho ya mtu mwenye hela. Lakini hakuna baba anayeiacha shikamoo ya mtoto wake ikining'inia hewani mbele za watu. Hata mwenye hasira huitika kwanza. Abdulrazak aliegemea nyuma kwa uzito wake wote, ndala zikaburuzika kwenye lami, mkokoteni ukalia, ukasimama, akautua.

"Marahaba mwanangu," aliitika, kwa sauti ya kusikika.

"Umekula?" iliuliza spika.

"Bado. Nikishafikisha mzigo huu."

"Usichelewe kula, baba."

"Sichelewi."

Nyuma yake bajaji zilianza kupiga honi, guta la maji likagonga guta la soda, na foleni ikaanza kurudi kule ilikotoka. Lucky alifumba macho.

"Huyu ndiyo baba yake, Mangi," alisema.

"Najua," alisema Gaudens.

Gaudens alikuwa na binti Arusha ambaye kila Jumapili humtumia kwenye simu picha ya maua iliyoandikwa salamu. Aliitazama spika kwa muda, kama mtu anayekumbuka deni la mtu mwingine. Kisha akabonyeza simu, akaingiza namba yake ya siri akiwa ameikinga kwa kiganja, na simu ya Lucky ikalia, Lucky akaisukuma hela mbele, na baada ya kitambo ikalia ya muuza laptop Mtaa wa Aggrey. Hapo Gaudens akashuka kwenye kizingiti, akaenda mpaka kwenye mkokoteni, akatoa ujira wa Abdulrazak, akachomoa noti moja na kuirudisha mfukoni.

"Umenisimamishia mtaa," alisema.

Abdulrazak alipokea zilizobaki. Kasmir alikuja kumsaidia kuusukuma. Walipofika duka la viatu, spika yake ikasema, "Shikamoo baba," wakatua. Walipofika la vyombo, wakatua. Abdulrazak hakuruka hata moja. Alipofika Gerezani lori lilikuwa limeshaondoka, akalipia stoo mzigo ulale, na hela yote ya safari ikaishia hapo.

Siku ya jopo ilifika, Sitara akasimama na laptop yake, akawapandisha walimu ghorofa kwa ghorofa mpaka juu ya paa, nao wakakuta hakuna mahali pa kumkwamisha. Mtaa wa Kongo umebaki hivyo. Makuli hupaka piko kila Alhamisi, na siku hizi wanainunua wenyewe kwa Benedikta, kwa mkopo. Spika inawaambia mambo, wanaitika poa, wanaitwa vijana na wanalipwa kama vijana. Abdulrazak akipita mtaa unasimama, na watu wameshazoea. Wengine huitumia nafasi hiyo kununua maji. Gaudens humkata noti yake kila safari bila ugomvi.

Lakini jioni ya Ijumaa ile, Abdulrazak aliporudi nyumbani, laptop ilikuwa mezani imefunguliwa, na mwanga wake ulikuwa umemfikia Mama Sitara aliyekaa kitandani akikunja kanga asizokuwa na haja ya kuzikunja. Sitara alikuwa anachora. Mistari ilikuwa inasimama yenyewe kwenye kioo na kuwa kuta. Alipomwona baba yake aliinuka, akamwamkia, Abdulrazak akaitika kwa sauti iliyokwaruza kwa kuitika kutwa. Akasimama nyuma ya kiti cha binti yake, hakugusa kitu, akaangalia jengo lile likipanda.

"Leo umeingiza nini?" mkewe aliuliza.

Abdulrazak alitafuta mfukoni kwa heshima ya swali, mkono ukatoka mtupu.

"Leo nimeamkiwa na mwanangu mtaa mzima," alisema, akaomba chakula.